Kinywa na Mlango

Kila mtu, awe tajiri au maskini, ana mali mbili ambazo hakuzinunua dukani. Mali ya kwanza ni kinywa chake, na ya pili ni mlango wake. Kwa kinywa husema ayaonayo na ayafikiriyo. Kwa mlango huyahifadhi yale ambayo hataki yasemwe. Aliyezibwa kinywa ni mtumwa, na aliyevunjiwa mlango ni mtumwa vile vile, kwa kuwa wote wawili wamenyang'anywa uamuzi juu ya neno lao wenyewe: lipi litoke, na lipi libaki ndani. Katika kurasa hizi nataka kuonyesha kuwa haki ya kusema na haki ya faragha ni ndugu wa tumbo moja, ingawa watu wengi wa siku zetu huzitazama kama maadui.

Naishi Gitothua, mjini Ruiru, katika kaunti ya Kiambu. Nchi hii ya Ruiru ilijulikana zamani kwa mashamba ya kahawa. Leo pahali pengi palipokuwa na mibuni pamesimama nyumba za kupanga, bega kwa bega, orofa juu ya orofa. Ndani yake wanaishi watu kutoka kila pembe ya Kenya: wafanyakazi wa viwandani, wauza mboga, waendeshaji wa bodaboda, na walimu kama mimi. Mwenye chumba kimoja hukigawa kwa pazia, upande huu kitanda, upande ule viti na jiko. Ukuta ni mwembamba. Jirani akikohoa usiku, twamwombea afya bila ya kumwona. Mtoto wake akikaripiwa, twalijua kosa lake kabla ya babaye kurudi kazini.

Katika maisha haya ya kubanana watu wamejitungia sheria isiyoandikwa. Ulisikialo kupitia ukuta hulipeleki mferejini, pale uani ambapo wapangaji wote huchota maji. Mume na mke wakigombana usiku, asubuhi jirani humwamkia mwanamke yule kwa heshima, "Habari za asubuhi, Mama Fulani," wala haongezi neno. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Na mwenye adabu, hata kama ameiona kata ikigonga kitako cha mtungi, haendi kuutangaza ukavu wa nyumba ya mwenzake.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwenye nyumba akifunga maji siku tatu, ilhali amekwisha kupokea kodi, hapo hapana siri. Kila mpangaji ana ruhusa ya kusema, tena kwa sauti, na anayenyamaza huonekana mwoga. Kwa hiyo watu wa kawaida, ambao hawakusoma sheria katika chuo chochote, wametambua kuwa kuna mambo ya ukutani na kuna mambo ya mferejini. Ya ukutani ni ya mwenyewe. Ya mferejini ni ya wote. Hekima hii ni ndogo kuitamka, lakini mataifa makubwa yameitafuta kwa miaka mingi, na bado hayajaishika sawasawa.

Utafutaji huo ulipata shida mpya ilipokuja intaneti. Huduma zake za kwanza zilianza Kenya katikati ya miaka ya 1990, nazo zilikuwa ghali na za wachache. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani ya Mombasa. Na tangu hapo habari zilikimbia kwa kasi ambayo barua na simu za zamani hazikuiota. Chombo hiki kilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kilikifanya kinywa cha kila mtu kuwa baragumu, na kikaufanya ukuta wa kila mtu kuwa dirisha. Mwanafunzi mwenye simu ya mkononi leo anaweza kusikiwa na watu wengi kuliko chifu wa zamani aliyekuwa na mpiga mbiu. Na mwanafunzi huyo huyo anaweza kuaibishwa mbele ya watu wengi kuliko mwizi aliyezungushwa sokoni.

Niliyaona mambo haya mawili kwa macho yangu katika muhula mmoja, kwenye shule ya kutwa niliyokuwa nikifundisha. Jambo la kwanza lilikuwa maandishi. Mtu ambaye hakutaja jina lake aliandika katika kundi la wakazi, katika simu, kwamba tangi la maji la shule lilikuwa halijasafishwa kwa muda mrefu, kwamba maji yake yalinuka, na kwamba wanafunzi kadhaa walikuwa wameumwa na matumbo. Namna alivyoandika ilionyesha kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Jambo la pili lilikuwa picha. Mvulana mmoja alitumwa ofisini jioni, akaiona juu ya meza orodha ya karo zisizolipwa, akaipiga picha kwa simu aliyoingia nayo kwa siri. Aliukata mstari mmoja, wenye jina la msichana wa darasa lake na jumla ya deni lake, akawapelekea wenzake pamoja na maneno ya mzaha. Kabla ya usiku kwisha, picha ile ilikuwa imefika kwa watu ambao hawakumjua msichana yule kwa sura wala kwa tabia, ila kwa deni lake. Kesho yake hakuja shule. Kesho kutwa hakuja pia.

Tulipokutana katika chumba cha walimu, wengi walitaka makosa yote mawili yaandikwe kwa jina moja: matumizi mabaya ya simu. Mvulana wa picha alikwisha kujulikana, kwa kuwa alijisifu. Mwandishi wa habari za tangi hakujulikana. Ikapendekezwa kwamba wanafunzi wote walete simu wanazozitumia nyumbani, zifunguliwe na kusomwa moja baada ya moja, mpaka apatikane. Mwalimu mmoja mwenye umri na heshima alisema, "Wote wawili wamechafua jina la shule." Mimi niliuliza, "Je, maji yananuka au hayanuki?" Palikuwa na kimya kidogo. Ndipo mwenzangu mmoja, mtu mwenye akili kali, akanijibu kwa swali lingine: "Na orodha ya karo, Mwalimu, ni ya uongo? Msichana yule anadaiwa kweli. Ikiwa ukweli ndio kipimo chako, basi wote wawili wamesema kweli, na tuwasamehe wote wawili."

Swali lile lilikuwa na uzito. Lilikuwa swali ambalo mabunge na mahakama zilikwisha kulihangaikia kabla yetu, na yafaa kijana asomaye ajue lilivyojibiwa, kwa sababu majibu yake yamo katika sheria zinazomtawala.

Nianze na kinywa. Tarehe 8 Februari 1996, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria iliyokusudiwa kuwalinda watoto na mambo machafu katika intaneti. Siku hiyo hiyo mtu mmoja aitwaye John Perry Barlow, aliyewahi kuwa mfugaji na mtunzi wa nyimbo, akiwa Davos katika nchi ya Uswisi, aliandika tamko la kuziambia serikali za dunia kwamba hazina mamlaka juu ya makao mapya ya fikira. Tamko lile lilienea upesi kama moto wa nyika. Lakini walioishinda sheria ile hawakuishinda kwa tamko, waliishinda mahakamani. Tarehe 26 Juni 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sehemu kubwa ya makatazo yale yalivunja katiba. Sababu mojawapo ni kwamba maneno yake yalikuwa yamelegea. Sheria ilikataza yasiyo ya adabu na yanayochukiza, wala haikueleza sawasawa adabu hiyo ni ya nani, na chukizo hilo ni la nani. Majaji waliona kuwa kwa kutaka kuwakinga watoto, sheria ingewanyamazisha na watu wazima waliokuwa na haki ya kusema.

Kenya nayo ilikutana na jambo la namna hiyo hiyo, na maneno yake yalikuwa na ukoo mrefu. Katika Uingereza sheria ya posta ya mwaka 1935 ilikataza kupeleka kwa simu ujumbe wenye kuudhi mno, au usio na adabu, au mchafu, au wa kutisha. Hizo zilikuwa siku ambazo simu nyingi ziliunganishwa kwa mikono. Miaka ikapita, mitambo ikabadilika, lakini maneno yale yakahama kutoka sheria moja hadi nyingine. Yalionekana pia katika kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya, ambacho kiliongeza na kosa la kupeleka neno la uongo kwa nia ya kumletea mwenzako udhia au wasiwasi. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Mwaka 2015 Mkenya mmoja, Geoffrey Andare, alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika Facebook. Badala ya kujitetea tu juu ya maneno yake, alikishtaki kifungu chenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu: kifungu kile kilikuwa kinyume cha Katiba. Kuudhi mno ni kuudhi kwa kiasi gani? Adabu hupimwa kwa macho ya nani? Sheria haikujibu, kwa hiyo raia hakuweza kujua kabla ya kusema kama kauli yake ilikuwa halali au haramu. Tena mtu aliyevunjiwa jina alikuwa na njia nyingine ya haki: angeweza kufungua madai ya kashfa na kudai fidia, bila ya mwenzake kutiwa gerezani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 2017, Jaji John Mativo naye alikifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai.

Ubishi haukukoma hapo. Mwezi wa Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria mpya juu ya makosa ya kompyuta, yenye adhabu nzito kwa habari za uongo: faini iliyoweza kufika shilingi 5,000,000, na kifungo cha miaka. Chama cha wanablogu wa Kenya kilikwenda mahakamani. Vifungu 26 vikasimamishwa mwezi ule ule. Na tarehe 20 Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa sheria ile haikuivunja Katiba, nao walalamikaji wakakata rufani. Naeleza haya ili msomaji aone kuwa mpaka wa kinywa hauwekwi siku moja ukadumu milele. Huwekwa, husogezwa, hurudishwa, na kila kizazi hupaswa kuulinda.

Hata hivyo asije mtu akadhani kuwa nasifu kinywa kisicho na mpaka wowote. Sisi Wakenya tuna sababu ya kuogopa kinywa cha namna hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika machafuko, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wakakosa habari za hakika wakati walipozihitaji sana. Lakini wakati ule ule, mahali pa mazungumzo katika intaneti palipoitwa Mashada palijaa matusi ya ukabila hata mwanzilishi wake, David Kobia, akapafunga mwezi wa Januari 2008. Mwezi ule ule aliungana na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman, wakatengeneza tovuti ya Ushahidi, ambayo kwayo mwananchi aliweza kupeleka habari za fujo alizoziona, nazo zikawekwa katika ramani. Tazama, msomaji: mikono iliyofunga mlango mmoja ndiyo iliyosaidia kufungua mwingine. Mahali pa kutukanana palifungwa. Mahali pa kushuhudia palifunguliwa. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 ilizingatia mafunzo haya. Kifungu cha 33 chatoa uhuru wa kusema, na papo hapo chakataza propaganda za vita, uchochezi wa fujo na maneno ya chuki. Tena chamtaka msemaji aheshimu haki na jina la mwenzake.

Sasa niuendee mlango. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala juu ya haki ya mtu kuachwa na faragha yake. Hofu yao haikuwa juu ya kompyuta, kwa kuwa hazikuwapo. Ilikuwa juu ya magazeti ya umbeya, na kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha kwa mara moja. Chombo hubadilika, hofu ni ile ile. Kwetu sisi Katiba imeiweka haki hiyo katika kifungu cha 31: mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake bila ya haki, habari za jamaa yake zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Maneno haya ni mazuri katika kitabu, lakini desturi zetu zayasahau kila siku. Ukiingia katika majumba mengi ya Nairobi, mlinzi hukupa daftari kubwa uandike jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Daftari hukaa wazi mezani. Ajaye nyuma yako husoma habari zako wakati akiandika zake, na hapana mtu aonaye ajabu. Mwaka 2019 Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Data, iliyotiwa sahihi tarehe 8 Novemba. Sheria hiyo yasema, kwa maana yake, kuwa habari za mtu ni amana: azichukuaye hana budi kueleza sababu, azitumie kwa sababu hiyo, na azilinde. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuonyesha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Habari ile ilitikisa shule nyingi. Walimu waliokuwa wamezoea kupiga picha gwaride na darasa na kuzisambaza walijiuliza kwa mara ya kwanza: sura ya mtoto ni mali ya nani?

Baada ya safari hii, turudi kwa swali la mwenzangu. Mwandishi wa tangi alisema kweli, na mpiga picha ya orodha alisambaza kweli. Kwa nini basi mmoja atetewe na mwingine alaumiwe? Jibu ni lile walijualo wapangaji wa Gitothua. Ukweli ni sharti la kwanza, lakini si sharti la pekee. Baada ya kuuliza, "Je, ni kweli?" hapana budi kuuliza, "Ni kweli ya nani?" Tangi lilikuwa jambo la mferejini. Kila mtoto alikunywa humo, kila mzazi alilipia, na aliyenyamaza alihatarisha matumbo ya wengine. Deni lilikuwa jambo la ukutani. Lilikuwa baina ya mzazi na mhasibu wa shule. Hapana aliyelindwa kwa kulijua, na hapana aliyepona kwa kulisikia. Neno la kwanza lilimkabili mwenye mamlaka ili atende wajibu wake. Neno la pili lilimkabili mnyonge, ambaye hakuwa na la kutenda ila kulia.

Na juu ya shauri la kufungua simu zote, niliwaeleza wenzangu kuwa hapo ndipo kinywa na mlango hudhihirika kuwa ndugu. Mtoto yule aliweza kusema juu ya tangi kwa sababu alikuwa na mlango wa kujisitiri. Ukiuvunja mlango huo, utakuwa umekiziba na kinywa. Siku nyingine maji yatanuka, na hapana atakayesema. Tena ili kumtafuta mmoja tungesoma siri za mamia: barua za mama kwa mwanawe, habari za ugonjwa, shida za nyumba. Tungewatenda wote yale tuliyomlaumu mpiga picha kwa kumtenda mmoja.

Mabishano yalikuwa marefu, na si kila mwalimu aliyeridhika. Wengine walisema, na walisema kwa haki, kuwa mtu asiyejulikana anaweza kusingizia uongo akajificha. Ni kweli, kwa ajili hiyo neno la asiyejulikana hufanyiwa uchunguzi kabla ya kuaminiwa. Tangi halikuhitaji jina la mtu ili lichunguzwe, lilihitaji ngazi. Mwalimu Mkuu, mtu mwenye subira, aliamuru fundi apande. Alichokitoa ndani ya tangi sitakieleza hapa, kwa heshima ya msomaji. Simu hazikufunguliwa. Mwandishi hajajulikana hata leo, nami sina haja ya kumjua.

Mvulana wa picha aliadhibiwa, akamwomba msamaha msichana yule na mamaye. Mama yule alikuja shuleni kwa miguu, amevaa koti la kazi. Hakupiga kelele. Alituambia, "Walimu wangu, deni hili nitalilipa kidogo kidogo mpaka liishe. Lakini ile picha, nani ataweza kunilipa?" Hapana mwalimu aliyekuwa na jibu. Deni la fedha lina mwisho, lakini picha iliyokwisha kusambaa haina stakabadhi. Maji yakimwagika hayazoleki. Msichana alirudi darasani juma lililofuata, akakaa dawati la nyuma. Na ilipita miezi kabla ya kuinua mkono wake tena kujibu swali. Yafaa hilo lifikiriwe sana na wale wasemao kuwa faragha ni kinyume cha uhuru wa kusema. Alivunjiwa mlango, na kilichonyamaa kilikuwa kinywa chake.

Mtu aweza kuniuliza: je, mambo yote hugawanyika kwa wepesi namna hiyo? La. Kuna mambo yanayosimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Lakini ugonjwa wa kuambukiza je? Fedha za mtu ni zake. Lakini utajiri wa ghafla wa mtunza hazina ya umma je? Katika mambo ya namna hii hapana kanuni itakayotuondolea kazi ya kufikiri. Walakini ipo dira. Kadiri mtu alivyokabidhiwa mamlaka juu ya wengine, ndivyo matendo yake katika mamlaka hayo yanavyosogea mferejini. Na kadiri mtu alivyo mnyonge, ndivyo tunavyopaswa kuulinda ukuta wake. Mara nyingi dunia hufanya kinyume. Wakubwa hujengewa kuta ndefu, na maskini hupigwa picha wakipokea unga wa msaada.

Nanyi wanafunzi mtakaosoma haya, mna chombo ambacho baba zetu hawakuwa nacho. Siwaambii mkitupe, kwa maana aliyetupa kinywa chake hawezi kudai maji safi. Semeni. Penye dhuluma semeni kwa ushahidi, kwa lugha iliyopimwa, na juu ya mambo yaliyo ya wote. Mkiona sheria yenye maneno yaliyolegea, ulizeni maana yake, kwa kuwa neno lisilo na kipimo katika sheria hupimwa kwa ghadhabu ya mwenye nguvu. Lakini kabla ya kidole kubonyeza, kumbukeni adabu ya watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, ambao hupiga hodi hata penye pazia. Wakiijua siri ya jirani, huilinda kama yao. Na wakiona maji ya wote yamefungwa, hutoka wakasema. Mwenye kuzijua haki hizi mbili, na kuzitimiza kwa wenzake kama anavyozidai kwa nafsi yake, amekwisha kuwa raia.